Kabla ya Kuilaumu Mashine

Ukitaka kujua geti limechomelewaje, usilitazame likiwa limeshapakwa rangi. Likate. Pitisha diski ya grenda kwenye kona ambapo bomba mbili za mraba zimekutana, kisha angalia pale palipokatwa. Mshono mzuri ni chuma kitupu, cheupe, hakina alama. Mshono mbaya una vitobo: vingine havifiki hata milimita moja, vingine vinaingiza msumari. Na mara nyingi juu yake palikuwa na filla, grenda ikapita, rangi ya mafuta ikapakwa mara mbili, mwenye nyumba wa Msamala akaridhika na kulipa.

Muulize fundi kwa nini kuna vitobo. Jibu la kwanza karibu kila banda hapa Songea, kuanzia Bombambili hadi Lizaboni, ni kwamba mashine ni mbovu, ya Kichina, haidumu. Huenda ni kweli. Ila vitobo mara nyingi ni ushahidi wa hewa kuingia mahali isipotakiwa, na hewa haipiti ndani ya mashine. Inapita kwenye mpira wa gesi, kwenye noso ya tochi, kwenye upepo wa barabarani. Mashine hulaumiwa kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo iliyogharimu fedha nyingi. Kinachoharibu kazi, kwa kawaida, ni kitu kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa shati.

Kwa miaka mingi uchomeleaji wa mkoa huu wa Ruvuma ulikuwa wa fimbo. Fundi anabana fimbo kwenye holda, anaikwaruza kwenye chuma, moto unawaka, na ganda linaloizunguka fimbo linaungua na kutoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Katika uchomeleaji wa waya na gesi, uitwao MIG, kazi hizo zimegawanywa. Fimbo imekuwa waya mwembamba, aghalabu wa milimita 0.8, uliozungushwa kwenye kibiringo cha kilo 5 au 15, unaosukumwa na rola hadi kwenye tochi. Kinga imekuwa gesi kutoka mtungini. Ukibonyeza kitufe, waya, gesi na umeme vinatoka pamoja. Kimoja kikikosekana au kikilegalega, mshono unaharibika.

Njia hii si ya jana. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1948, katika taasisi ya utafiti ya Battelle, lakini gesi yake ya mwanzo ilikuwa ghali. Mwaka 1953 Warusi wawili, Lyubavskii na Novoshilov, walionyesha kwamba chuma cha kawaida kinachomeleka vizuri kwa kabonidayoksaidi, ile ile hewa ukaa inayotiwa kwenye soda. Hapo ndipo MIG ikawa kazi ya gereji ya kawaida.

Songea imechelewa kuipokea kwa sababu zinazoeleweka. Kwa miaka mingi mji ulitegemea majenereta ya dizeli, pamoja na maji ya mto Ruvuma yanayozungusha mitambo ya masista wa Chipole pale Tulila. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilizinduliwa rasmi Aprili 2019. Tangu hapo kumiliki mashine inayohitaji umeme usioyumba si ndoto tena. Na kazi zipo: madirisha na mageti ya bomba nyembamba ambazo fimbo inazitoboa, tela za kubebea mahindi, bodi za bajaji, mapipa ya mashine za kukoboa. Bomba ya milimita 1.2 ukiichomelea kwa fimbo unahitaji mkono wa mzee. Kwa MIG kijana wa mwaka mmoja anaiweza, ilimradi waya na gesi vinakwenda sawa.

Kwamba vinakwenda sawa utalijua kwa sikio kabla ya jicho. MIG iliyopangika vizuri kwenye bati jembamba inalia kama bisi zilizopamba moto sufuriani, mlio mmoja mkavu usiokatika, kwa sababu ncha ya waya inagusa chuma na kuachia mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mlio ukianza kutoka mmoja mmoja, na waya unaupiga mkono wako teke kana kwamba unagonga sakafu, kuna tatizo la waya. Mlio ukiwa mzuri lakini mshono unatoka mweusi, wenye masizi na vitobo, mara nyingi tatizo ni la gesi. Tofauti hiyo peke yake inaokoa nusu ya siku ya kuhangaika.

Kisha ufanye jaribio moja kabla hujashika bisibisi. Chukua kipande cha chuma chakavu, kisage kwa grenda hadi king'ae pande zote, kiweke ndani ya banda, zima feni, ziba upepo, uchomelee sentimita kumi. Mshono ukitoka safi, mashine yako ni nzima na gesi yako ni nzima, na kosa liko kwenye ile kazi uliyokuwa ukiifanya nje: upepo, rangi, kutu, mafuta au zinki. Ukitoka na vitobo hata hapo, fuata gesi kutoka mtungini hadi kwenye noso. Nimeona watu wakibadilisha kibiringo cha waya, kisha tochi nzima, kabla ya kufanya jaribio hili lisilogharimu chochote.

Mabanda mengi ya Songea yako kando ya barabara na paa lake ni bati tatu. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma mchana kutwa. Gesi inayotoka kwenye noso ni kifuniko chepesi mno. Upepo wa mita mbili kwa sekunde, ule unaotikisa majani ya mwembe tu, unatosha kukipeperusha. Wengi wakiona hivyo wanafungua regulata zaidi, na hapo wanaongeza tatizo. Kwa waya wa 0.8 unahitaji lita 10 hadi 15 kwa dakika. Ukifika 25 gesi inatoka kwa vurugu, inajizungusha na kuvuta hewa ya pembeni iingie nayo. Unalipa gesi maradufu ili upate vitobo vilevile. Dawa ya upepo ni turubai au bati la kuegesha upande unakovuma. Mafundi wa mitaani hudharau turubai kwa kuwa halionekani kama kifaa cha ufundi.

Baada ya upepo, angalia noso. Ivue. Ndani yake utakuta punje za chuma zilizoruka na kuganda, wakati mwingine zimeziba vitundu vinavyotawanya gesi, vimebaki viwili tu vya upande mmoja. Gesi inatoka, unaisikia, lakini inatoka kiupandeupande. Zikwangue kwa koleo, na uwe na kopo la mafuta maalumu ya kuzuia cheche zisigande. Angalia pia umbali: kutoka ncha ya tipu, kile kipande cha shaba anapotokea waya, hadi kwenye chuma isizidi milimita 10 hadi 12. Fundi aliyezoea fimbo ana desturi ya kushika mkono mbali, na mkono ukiwa mbali gesi haifiki.

Halafu mpira. Chukua maji ya sabuni, paka kila kiungo kuanzia kwenye regulata hadi nyuma ya mashine, fungua mtungi, tazama povu. Uvujaji mdogo wa lita moja kwa dakika hausikiki kwenye kelele za gereji. Ukifunga kazi saa kumi na mbili jioni bila kufunga mtungi, hadi saa kumi na mbili asubuhi umepoteza lita 720, yaani takriban kilo moja na theluthi ya gesi. Kwa mji ambao gesi haijazwi mtaani, hiyo ni hasara ya nauli pia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wachomeleaji wengi hawaelezwi siku wanaponunua mtungi. Geji ya mtungi wa kabonidayoksaidi haionyeshi gesi iliyobaki. Ndani ya mtungi gesi hiyo iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, hata kiwe kikombe kimoja, shinikizo linabaki palepale: karibu bar 57 kwenye joto la nyuzi 20. Sindano inasimama wima wiki nzima, kisha inaanguka ghafla ukiwa katikati ya geti la watu. Njia pekee ya kujua kilichobaki ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwa nyundo shingoni; utoe kwenye uzito unaousoma. Kila kilo moja inakupa lita 540 hivi za gesi, na kwa lita 12 kwa dakika hizo ni dakika 45 za moto unaowaka. Mtungi wa kilo 10 basi ni saa saba na nusu za kuchomelea mfululizo, ambazo kwa fundi wa mageti, anayepima, kukata na kusaga zaidi ya anavyochomelea, zinaweza kuwa kazi ya siku nyingi. Wafanyabiashara wa mahindi wa Ruvuma wana mizani kila kona. Kuazima dakika mbili si aibu.

Sindano hiyohiyo inadanganya kwa namna ya pili. Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai baridi hushuka kukaribia nyuzi 10. Kwenye baridi hiyo shinikizo la mtungi uliojaa linashuka hadi bar 45. Fundi anasoma geji, anadhani ameibiwa. Hajaibiwa, subiri jua. Tatizo halisi la baridi liko kwenye regulata. Kimiminika kinapogeuka gesi kinanyonya joto, na gesi inapopanuka kupita kwenye tundu la regulata inazidi kupoa, mpaka shaba inavaa barafu nyeupe na njia inaziba. Mtiririko unapungua, unarudi, unapungua tena. Mshono unakuwa mzuri sentimita tano, mbovu tatu. Ukiona vitobo vinavyokuja na kuondoka namna hiyo asubuhi, gusa regulata kabla ya kugusa kitu kingine.

Ndiyo maana regulata za gesi hii huuzwa zikiwa na hita. Waya wake mara nyingi umening'inia bure, haukuchomekwa popote, kwa kuwa aliyeuza hakueleza. Soma kilichoandikwa: nyingi ni za volti 36 na zina tundu lake nyuma ya mashine. Ukiichomeka ukutani kwenye volti 230 imekwisha siku hiyo. Isiyo na hita, ifungie kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, usiipashe kwa moto. Na mtungi usimame wima, umefungwa mnyororo. Ukilazwa, kimiminika kinaingia kwenye regulata chenyewe.

Inafaa kujua gesi hii inatoka wapi. Sehemu ya ile inayotumika Tanzania haitengenezwi kiwandani, inavunwa ardhini katika milima ya volkano ya Rungwe, mkoani Mbeya, na TOL Gases, kampuni iliyoanza mwaka 1950 na iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Kwa barabara ya Njombe na Makambako, Rungwe ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Songea, na hilo linaeleza kwa nini mtungi ukiisha Jumatano unaweza kusubiri gari hadi wiki nyingine. Gesi hiyohiyo huko Goma, Kongo, inachomoza yenyewe kwenye mabonde ya lava. Wenyeji wanaiita mazuku, na inaua mbuzi na watoto kwa sababu ni nzito kuliko hewa na inatuama chini. Ukiwa unachomelea ndani ya shimo la gereji, chini ya gari, na mpira unavuja, inatuama ulipo wewe. Isitoshe, kwenye moto sehemu yake inageuka kabonimonoksaidi, sumu ya jiko la mkaa. Turubai likinge upande wa upepo tu, na banda lipitishe hewa juu na chini.

Tuje kwenye waya. Fungua mlango wa pembeni wa mashine na upitishe kidole chini ya rola. Kikirudi na unga wa rangi ya shaba, rola zinausaga waya. Ama zimekazwa mno, ama mfereji wake si wa saizi hiyo. Rola moja kwa kawaida ina mifereji miwili, 0.8 upande mmoja na 1.0 upande mwingine, na saizi inayosomeka kwa nje si lazima iwe ndiyo inayotumika. Kwenye baadhi ya mashine mfereji unaofanya kazi ni ule wa ndani. Soma kitabu au jaribu kwa macho: waya ukae ndani ya mfereji, usielee juu wala usizame ukapotea.

Kukaza kwa rola kuna kipimo chake. Elekeza tochi kwenye kipande cha mbao, sentimita tano kutoka kwenye ncha, bonyeza kitufe. Waya ufike kwenye mbao na ujikunje. Sogeza hadi sentimita moja: sasa rola ziteleze, waya usimame. Zisipoteleza umekaza kupita kiasi, na siku tipu itakapoziba, waya utakuwa hauna pa kwenda isipokuwa kujisokota palepale mashineni, fundo la mita mbili unalolikata kwa koleo ukilaani. Breki ya kibiringo nayo: ukiachia kitufe kibiringo kisimame mara moja. Kikiendelea kuzunguka waya unafumuka. Kikibanwa sana mota inavuta mzigo usio wake.

Waya ukitoka kwenye rola unapita kwenye laina, ule mrija wa chuma uliosokotwa ndani ya kebo ya tochi. Unga wote unaosagwa unaishia humo, pamoja na vumbi jekundu la Songea. Kila unapobadilisha kibiringo, vua tipu, ingiza upepo wa kompresa upande wa tochi, utaona kinachotoka. Usitie mafuta. Wapo wanaopaka waya mafuta ili uteleze, na unateleza kweli, kisha mafuta yanaungua kwenye mshono na kuacha vitobo ambavyo hakuna regulata itakayoviondoa. Na usichomelee huku kebo imekunjwa kama kamba ya ng'ombe kwa kuwa kazi iko karibu. Inyooshe, hata kama itavuka hadi kwa jirani.

Tipu ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndiyo inayosingizia wengine zaidi. Ni kipande cha shaba chenye tundu. Umeme wote unaingia kwenye waya kupitia hapo. Tundu likiliwa na kuwa la mviringo mrefu, waya unacheza, umeme unakatikakatika, moto unapanda hadi ndani na kuushikisha waya. Hapo fundi anaongeza spidi ya waya, anapunguza volti, anarudisha volti, mwisho anaipiga mashine kofi. Badilisha tipu. Uwe nazo kumi kwenye droo, za saizi ileile ya waya. Kabla hujaamini kwamba ni waya, kagua pia klipu ya eathi: ikibanwa kwenye rangi au kutu, inatoa mlio uleule wa kusuasua. Tena sikiliza jirani. Mashine ya kusaga ikiwashwa ukuta wa pili na mlio wako ukabadilika sekunde hiyohiyo, hakuna cha kufungua. Umeme umeshuka kwa wote wawili.

Waya wenyewe unaooza ni wa masika. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kibiringo kilichoachwa kwenye mashine ndani ya banda lisilo na kuta kinapata kutu chini ya ile ngozi nyembamba ya shaba. Huioni mpaka uushike waya kwa kitambaa cheupe. Kutu hiyo inabeba unyevu, inaziba laina, inakula tipu. Kifuko cha plastiki na kifundo jioni vinatosha. Unapoununua, tafuta alama ER70S-6 kwenye boksi: waya huo una silikoni na manganizi za kutosha kupambana na oksijeni inayozaliwa pale kabonidayoksaidi inapovunjika kwenye moto. Zile punje za kahawia zinazong'aa kama chupa juu ya mshono uliopoa ni kazi ya silikoni hiyo. Si kosa. Zibandue kwa brashi ya waya kabla ya rangi.

Bomba za gizi, zile zenye zinki, ni habari nyingine. Zinki inageuka mvuke kabla chuma hakijayeyuka, na mvuke huo unatoboa mshono ukitafuta pa kutokea. Gesi haina la kufanya hapo. Saga zinki sentimita mbili kila upande, nje na ndani unapoweza, na usivute moshi wake: homa na baridi za usiku baada ya kazi ya gizi si malaria kila mara.

Kuna kosa moja ambalo kwa jicho halionekani, nalo linanitisha kuliko vitobo. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, Mbinga, yanapita hapa mjini, na chasisi zinapopasuka dereva anasimama kwenye banda la kwanza. Mashine ndogo ya MIG yenye waya wa 0.8 italaza juu ya chuma cha milimita 10 mshono mzuri kuliko wa fimbo, laini, hauna kitobo hata kimoja, na haujashika chochote chini. Chuma kinene kiachiwe fimbo, au mashine yenye nguvu inayostahili.

Na kwa anayechomelea nje siku zote, kwenye mapaa na mashambani, upo waya usiohitaji mtungi, wenye unga wake wa kinga ndani. Hautishiwi na kusi kama gesi. Unaudhi kwa moshi na cheche, na unaacha ganda la slagi la kugonga. Ukiuweka, geuza nyaya: kwa waya wa gesi tochi inakaa chanya, kwa huu inakaa hasi. Wengi huusahau ugeuzaji huo mdogo mbele ya mashine, wakachomelea nusu siku na moto unaorukaruka, na kibiringo kikarudishwa dukani kwamba ni feki. Badilisha na rola pia, uweke zenye meno, kwa kuwa waya huu ni mrija mtupu uliojazwa unga, na rola laini ukizikaza ili zishike zitaubonyeza hadi upasuke.